Masikio ya Mama

Jumatatu, 4 Julai 1994
Barua ya binti yangu Gladness imefika! Wazazi wa mchumba wake wanakuja kwetu Kibosho tarehe 23 kuleta posa. Wanatoka Dar, na kamera ya video! Jirani yangu Leodegar alipomwoza binti yake alipata picha tatu tu, na moja ina giza.

Nikatoka mbio kumwambia Mama. Nikamkuta anachuma kahawa, ameinama, masikio yananing'inia. Furaha ikaniisha. Ndewe za masikio yake zinapitisha vidole vitatu. Zilitobolewa akiwa msichana, zikapanuliwa kwa vijiti mpaka zikakaribia mabega. Leodegar, ng'ambo ya mfereji, akauliza kama masikio yote mawili yataenea kwenye hiyo kamera. Akacheka peke yake. Mshenzi.

Jumapili, 10 Julai
Juzi nilimpa Mama skafu mpya, azifunike ndewe. Akashukuru sana. Akajifunga kiunoni, mgongo unamuuma.

Leo kabla ya misa nimezikunja ndewe juu, nikazibandika plasta. Nikasema ni kinga ya baridi. Ya kulia ilidumu hadi Injili. Ya kushoto ilidondoka kwenye kitabu cha nyimbo cha mke wa Leodegar. Mama akaomba radhi, kana kwamba kosa ni lake.

Jumanne, 12 Julai
Thadeus, tabibu mstaafu, anasema sikio hushonwa kama nguo. Hofu yangu ilikuwa Mama kukataa. Akakataa.

Alisema mama yake mzazi ndiye aliyemtoboa, kwa mwiba, na dada yake Theodora akamshika mikono asikimbie. Siku hiyo alipewa nyama pamoja na wakubwa. Msichana asiyetobolewa alibaki mtoto, hakuna aliyemsikiliza. Maneno mengi! Nikaona nimalize. Nikamwambia ni Gladness anayeona aibu, kaandika kwenye barua. (Hakuandika. Lakini angeweza.)

Mama hajui kusoma. Aliishika ile barua muda mrefu, akaigeuza, akanirudishia.

"Kama mtoto ndiye anayetaka," akasema, "mwite huyo Thadeus."

Thadeus kakata, kashona. Upande wa kushoto ganzi haikukolea. Mimi nilitoka nje, nilikuwa na ng'ombe wa kukatia majani.

Jumatano, 20 Julai
Nyuzi zimetolewa. Masikio mafupi, nadhifu, kama ya mwalimu!

Mama mkubwa Theodora kaletwa kutoka Kirua Vunjo kwa ajili ya sherehe. Huu ni mwaka wa tisa haoni. Humsalimu Mama kwa kumshika masikio. Nikampa shikamoo kwa sauti kubwa, mara mbili, kumchelewesha. Wapi! Mikono ikapanda, ikatafuta, ikashuka. Akauliza kwa Kichagga huyu mliyemleta ni nani.

"Ni mimi," Mama akasema.

Mama mkubwa akajibu kwamba sauti ni ya Mektrida, ila Mektrida mwenyewe hayupo. Wakakaa sakafuni, vikongwe wawili, wakalia kama wamefiwa. Nikawaambia ilikuwa ngozi ya ziada tu. Chai ikapoa.

Ijumaa, 22 Julai
Gladness kafika. Alipomwona bibi yake akauliza nani kamfanyia hivi. Mama akamjibu kwa upole kwamba ni kwa ajili yake, kwa ile barua. Gladness akauliza barua gani. Nikakumbuka kuni za kupasua.

Nikiwa nje nikamsikia akisoma kwa sauti: "Bibi akae kando yangu, nataka wote wamwone."

Mama akaniita. Nilitegemea kufokewa. Hakunifokea. Alisema nilipokuwa mchanga sikulala mpaka nitie kidole kwenye ndewe yake. Akiuchomoa mkono wangu, naamka nalia.

"Nilifikiri unakumbuka, Basili."

Sikumbuki. Watoto wachanga wana mambo yao.

Jumamosi, 23 Julai
Wageni wamekuja. Pombe ya mbege nzuri, mbuzi mzuri, mimi na suti. Mama hakutoka chumbani. Wageni wakasema hawawezi kufungua mazungumzo kabla hawajamsalimu bibi wa nyumba. Nikasema anaumwa. Wakapeana macho. Gladness akainuka mbele ya watu wote, akaingia kwa bibi yake, mlango ukafungwa.

Leodegar alikuwepo (nani alimwalika?). Hakucheka hata kidogo. Hilo liliniuma zaidi.

Posa imepokelewa, harusi ni Desemba. Video ina saa nzima ya mimi nikihutubia, na viti viwili vitupu.

Jumatatu, 25 Julai
Gladness kaondoka bila kuniaga. Mama mkubwa naye kaomba arudishwe kwao. Aliagana na Mama kwa kumshika vidole tu.

Mama yuko shambani. Nikimwita anageuka, anasubiri niseme, kisha anaendelea kuchuma. Nimeuliza kama masikio yanamuuma. Kasema hayaumi, hayana habari yoyote.

Nimetafakari sana na sasa nimeona kosa lilipo. Tatizo ni kwamba ndewe zimezibwa! Thadeus anasema kutoboa ni kazi ndogo kuliko kushona. Anakuja Alhamisi na vijiti vya saizi zote. Tukivuta kwa bidii, Desemba zitakuwa zimefika mabegani, na kamera itamkuta amekamilika.

Mama sijamwambia. Nataka afurahi ghafla.