Kidari cha Ujana

Jumatatu, 3 Juni 2002. Baraka.
Nilimwomba Anastasie tuoane, amenijibu mbele ya wateja wake wa ndagala, dagaa wa ziwani. Amezika mabwana wawili, mmoja kwa homa, mmoja kwa risasi. Wa tatu hamziki, anataka muntu wa kudumu. Mwezi uliopita homa ililala na mimi majuma mazima. Guy, fundi cherehani, alitetemeka kidogo tu akarudi kushona. Naye anamtaka Anastasie! Mtoto wa marehemu kaka yangu, nimemlea mimi! Neno la mwisho ni Jumapili baada ya misa.
Nampenda yule mama. Basi, nimesema.

Jumanne, 4 Juni.
Mungu yuko! Redio, kipindi cha Kifaransa. Dokta amesema nyuma ya mfupa wa kifua kuna tezi inayoitwa timusi. Ni shule ya askari wa mwili, wanafundishwa humo kumtambua adui. Tena inatoa vipande vidogo vya protini, peptidi, vya kuwaamsha. Mtu akizeeka tezi inanyauka, yanabaki mafuta. Ndiyo maana homa ndogo inamwangusha mzee. Wataalamu wamezitoa peptidi hizo kwenye tezi ya ndama. Akasema, lakini mtu akiila... Betri zikafa. Nimezianika juani, wapi! Si kitu. La maana nimelisikia.

Jumatano, 5 Juni.
Ndama hakuna. Tangu vita ng'ombe wa Minembwe hawateremki. Norbert mchinjaji ana mbuzi mzee tu, yaani mafuta. Lakini Ijumaa kule Fizi tunaondoa matanga ya baba mkubwa Bonaventure, na mbuzi wa kuchinjwa ni mchanga kabisa. Marehemu amenikumbuka!

Ijumaa, 7 Juni. Fizi.
Nimepanda kwa miguu. Kwenye bariere, kizuizi cha njiani, askari wamebaki na kofia yangu. Kipara kimeungua.
Kidari kililetwa peke yake kwenye sahani nzuri. Tezi naiona, nyeupe, imenona! Hakuna anayeigusa. Watu wanatazama paa. Wajinga, hawasikilizi redio. Nikavuta sahani. Shangazi Émilienne akaniuliza kama najua ninachokula. Nikamwambia najua kuliko wote hapa. Akauliza kama kuna aliyenisukuma. Nikasema ni mimi mwenyewe, kwa moyo wote. Nikatafuna.
Vigelegele! Nikadhani wameona ngozi yangu inanyooka. Wakaniletea fimbo ya marehemu.
Yesu wangu. Kwetu anayekula kidari siku ya kuondoa matanga ndiye anayekalia kiti cha marehemu, mzigo unaokimbiwa na wote. Nimelijua hilo tangu utoto, tamaa ya ujana ikanisahaulisha. Sasa mi ndiye mzee wa ukoo. Hata shangazi Émilienne, aliyenibeba mgongoni, ananiita Babu.

Jumamosi, 8 Juni.
Guy amenipigia magoti. Bila mzee wa ukoo asingeweza kupeleka posa. Alikuwa anamwomba Mungu mtu yeyote akile kile kidari. Anataka kesho nikamposee Anastasie. Mzee hakatai, tena mzee hagombei mke na mtoto wake. Nilimtazama Mungu, Naye akatazama paa.

Jumapili, 9 Juni. Baraka.
Nimesema vizuri, wote wanasifu. Anastasie aliuliza kama Guy ana afya. Ilibidi niape, fimbo mkononi, kwamba homa inamkimbia. Akakubali. Akanichagulia samaki asiye na miiba, kwa sababu ya meno yangu. Meno yangu yote yapo! Nililia njiani. Jioni nikaanza kutetemeka.

Jumatatu, 10 Juni.
Homa imenilaza. Guy ameleta betri mpya, asante ya kuposewa mke wangu. Wa kwake.
Kipindi cha dokta wamekirudia. Amemaliza ile sentensi: mtu akiila tezi, tumbo linazivunja peptidi kama nyama nyingine yoyote. Haisaidii kitu.
Nikawaza palepale kitandani. Kumbe kosa langu lilikuwa kula! Dawa yenyewe ni ya kupaka. Nimemtumia Norbert neno aniwekee kidari cha mbuzi mchanga. Jana Florentine, dada mkubwa wa Anastasie, alinitazama mara mbili, na kifua changu bado hakijapakwa kitu.
Dokta alikuwa anaendelea, anasema hata ngozi... Nikazima redio. Betri si za kuchezea.