Dosari ya Mwalimu Obadiah

Jumatatu, 10 Machi

Nimeonewa! Daktari Teresia, mhadhiri wetu wa fasihi ya Kiingereza, ameniita ofisini akanirudishia insha yangu kwa vidole viwili, kama mtu anayetoa panya kwenye unga. Na insha ilikuwa tamu! Kurasa sita kuhusu shujaa wa tanzia na ile dosari yake moja inayomwangusha. Shida ni mstari wa mwisho tu. Mashine iliyoniandikia ilikuwa imeuliza, kwa heshima zake zote, kama ningependa iifupishe au iongeze mifano. Nikasahau kuufuta. Kosa dogo la uhariri.

Daktari hakuona hivyo. Amesema Jumatatu ijayo anataka insha nyingine, itoke kichwani mwangu mwenyewe, la sivyo narudia mwaka wa nne wote. Wote! Na mama huko Mwatate ameshatangaza kanisani kwamba mwanawe Elijah anahitimu Julai. Kwaya nzima ya akina mama imeshona vitenge vya kufanana, rangi ya machungwa. Nikirudia mwaka, mama atapita wapi na kitenge kile?

Nimemweleza Bwanaheri, mwenzangu wa chumba. Ni mtoto wa hapa Voi mjini, anasomea hesabu, amefunga Ramadhani, na njaa imemfanya mkweli kupita kiasi. Akaniuliza kwa nini nisiiandike tu hiyo insha. Nikamwambia watu wa hesabu hawaelewi mambo.

Jumanne, 11 Machi

Mungu hamtupi mja wake! Kaka mkubwa wa Daktari Teresia amefariki. Mwalimu Obadiah, mwalimu mkuu mstaafu, atazikwa Jumamosi kwao Mgange. Naandika haya kwa majonzi, bila shaka. Darasani nimelia kuliko wote, mpaka mtu akaniuliza tulikuwa na udugu gani.

Mpango umenijia katikati ya kilio. Mazishi ya kwetu bila wasifu wa marehemu kwa Kiingereza si mazishi, ni kufukia tu. Haijalishi kwamba waombolezaji wengi ni akina nyanya wanaoongea Kidawida na wanasubiri pilau. Kiingereza lazima kisomwe, na kiwe kigumu, ndiyo heshima ya marehemu. Basi nitaandika wasifu wa Mwalimu Obadiah kama tanzia kamili. Daktari atausikia pale kaburini, machozi yatamtoka, na huo ndio utakuwa insha yangu. Kazi moja, malipo mawili. Nani atamwangusha mtu aliyemwombolezea kaka yake?

Kikwazo ni Wakio. Huyu ni yule msichana anayekaa mbele darasani na kupata alama za juu bila hata kuringa, jambo linaloudhi zaidi. Kwao ni Mgange hukohuko, na kamati ya mazishi imeshamwomba aandike wasifu. Mtu ana bahati mpaka kwenye misiba ya watu!

Jumatano, 12 Machi

Jioni nimehudhuria matanga hapa Voi, nyumbani kwa Mzee Titus, mdogo wake marehemu na mwenyekiti wa kamati. Nimejitambulisha kama mtaalamu wa wasifu. Chai nimekunywa ya kutosha. Kisha nikatoa kalamu, nikauliza marehemu alikuwa na dosari gani.

Mama mmoja pembeni akakohoa.

Mzee Titus akasema marehemu hakuwa na dosari, alikuwa mtu wa watu. Mjane, Mama Evelyn, akasema alipenda chumvi. Chumvi! Nitamwangusha shujaa kwa chumvi? Nikauliza kuhusu pombe. Hakunywa. Hasira? Alichapa wanafunzi, lakini enzi zile nani hakuchapa. Alifundisha wapi? Hapa na pale, na miaka mingi upande wa Taveta, akirudi nyumbani mwisho wa mwezi. Yule mama akakohoa tena, kwa nguvu. Nikamshauri atafute dawa.

Alhamisi, 13 Machi

Nimeandika! Kwa mkono wangu, bila mashine. Na kwa kuwa familia imekataa kunipa dosari, nimemtungia marehemu moja. Nimempa mapenzi ya siri. Mwanamke mrembo, ng'ambo ya kilima cha Salaita, huko Mboghoni, upande wa Taveta, kwenye migomba na mifereji ya maji, ambaye shujaa wetu alimwendea miaka yote huku moyo ukimpasuka pande mbili. Mboghoni nimeichagua kwa sababu ni mbali. Hakuna mtu wa huko atakayepanda milima mpaka Mgange kwa ajili ya mazishi. Na huyo mwanamke si mwanamke, jamani. Ni ishara. Anasimamia Elimu. Daktari ataelewa mara moja. Wengine hawataelewa kitu, na ndivyo inavyotakiwa.

Nimemsomea Bwanaheri kabla ya futari, nikimfasiria palipo pagumu. Akasema, yakhe, maiti hasingiziwi, hata kwa ishara, na kwamba juhudi hii ningeitia kwenye insha ningekuwa nimeshamaliza jana. Nikala mandazi yangu mbele yake, kwa makusudi. Msanii wa kweli hana marafiki.

Ijumaa, 14 Machi

Ushindi! Kamati imelinganisha wasifu wangu na wa Wakio. Wa Wakio ulikuwa kwa Kiswahili, kurasa mbili, na kila kitu kinaeleweka: alizaliwa, akasoma, akaoa, akafundisha, akapanda miti shuleni ambayo mpaka leo watoto hukaa chini yake. Mzee Titus akauliza kama huu ni wasifu wa mwalimu mkuu au wa mtu yeyote tu. Kisha akachukua wangu. Akasoma ukurasa wa kwanza huku midomo ikicheza. Akafuta miwani. Akarudi mwanzo. Ukurasa wa pili hakuufikia. Akatangaza kwamba hajaelewa hata sentensi moja, na kwamba hiki ndicho Kiingereza anachostahili kaka yake. Kamati ikapiga makofi. Umeshachapishwa kwenye programu ya rangi.

Wakio aliusoma palepale, wote, hadi mwisho. Akaniangalia. Akaniuliza polepole kama nina hakika. Nikamwambia asiyekubali kushindwa si mshindani. Wivu ni ugonjwa.

Jumamosi, 15 Machi

Nimerudi Voi na matope mpaka magotini. Wacha nieleze kwa utaratibu.

Mgange kulikuwa na ukungu, na watu walijaa mpaka shambani kwa jirani. Nikasimama mbele ya jeneza na suti ya kuazima. Nikafungua kinywa. Aya ya kwanza, safi. Daktari Teresia akainua kichwa. Mara Wakio akainuka, akamnong'oneza mchungaji, na mchungaji akachukua kipaza sauti akasema hilo ni wazo zuri sana, nyanya zetu nao wasikie, kwa hivyo binti yetu Wakio atatafsiri kwa Kidawida, sentensi kwa sentensi.

Sentensi kwa sentensi!

Niliposema shujaa, akasema shujaa. Niliposema moyo uliopasuka, akina nyanya wakaguna kwa huruma. Nikajaribu kuiruka ile aya ya dosari. Mzee Titus, programu mkononi na kidole kwenye mstari, akapaza sauti kwamba kijana umeruka, soma yote, hatukuchapisha bure. Nikasoma. Jasho, na baridi yote ile! Wakio akatafsiri. Hakupunguza, hakuongeza. Mwanamke wa siri. Mboghoni. Miaka yote. Mzee Titus akaurudia ule ukurasa wa pili kwa kidole, kama anayefungua kidonda.

Ndipo nyuma kabisa mwanamke mmoja akasimama. Leso kichwani, mkungu wa ndizi za msiba miguuni. Kando yake binti mkubwa, paji la uso lilelile la kwenye picha ya marehemu. Akasema kwa Kiswahili kwamba anaitwa Susan, ametoka Mboghoni tangu alfajiri. Alikuja akae nyuma tu, azike kwa macho, arudi kimyakimya. Lakini kwa kuwa familia imemtaja mbele ya watu na mbele ya Mungu, anashukuru sana. Hakutegemea.

Nikapiga kelele kwamba yeye ni ishara! Anasimamia Elimu! Akaniangalia kwa upole, akaniuliza, mwanangu, ishara gani hiyo yenye watoto watatu?

Wakio akatafsiri hata hilo.

Mzee Titus akachukua jembe, ilhali kaburi lilikuwa limeshachimbwa. Nikakimbia. Nyuma yangu nikamsikia Mama Evelyn, mjane mwenyewe, akimwambia shemeji yake aweke jembe chini, mambo ya Mboghoni anayajua tangu bintiye Evelyn akinyonya, ila hajawahi kusomewa kwa Kiingereza. Nilipogeuka mara ya mwisho alikuwa amesogea kwenye benchi, na yule binti wa Mboghoni ameketi karibu naye, analia kama mtu aliyeruhusiwa kulia.

Pilau sikuonja. Hata kimanga, kile chakula chetu cha kupondwa!

Jumatatu, 17 Machi

Ofisini. Niliingia na utetezi tayari. Nikamkumbusha Daktari kwamba kwa ukurasa mmoja tu nimeiongezea familia yake watu wanne, na kwamba waandishi wengi hufa bila kufanikiwa hivyo. Akanitazama. Macho yake yalikuwa yamevimba. Akasema yeye na ndugu zake, na Mgange nzima, walijua na wakanyamaza miaka mingi, na aibu hiyo ni yao. Jana mabinti wa pande zote mbili walikuwa jikoni kwake wanapika chai pamoja, na hilo hatalisahau. Nikaanza kutabasamu. Akasema nisitabasamu. Mimi sikufichua ukweli wowote. Nilirusha uongo ukaangukia kwenye ukweli, kama jiwe la mtoto linavyoangusha embe la jirani. Wasifu si insha. Alama, sifuri.

Kisha akalegea. Amenipa mpaka Ijumaa saa sita mchana. Kurasa mbili tu. Shujaa wa tanzia awe mimi, Elijah. Nitaje dosari yangu, moja tu, kwa ukweli, kwa maneno yangu mwenyewe. Nikifanya hivyo nimepita, nahitimu na wenzangu. Akasema angeweza kunitajia tatu kabla sijafika mlangoni, lakini anataka niione mwenyewe.

Mama amepiga simu. Kwaya wamejaribu vile vitenge leo na vimewakaa vizuri. Alikuwa anacheka mwenyewe kama msichana. Nimemwambia asiwe na wasiwasi, mwanawe amebakiza kurasa mbili.

Ijumaa, 21 Machi

Wiki nzima nimejichunguza, kwa haki kabisa. Nimejitazama kwenye kioo cha Bwanaheri mpaka akakidai. Uvivu? Mvivu gani angefanya kazi niliyofanya kwa ule msiba? Uongo? Si ulikuwa kweli! Majivuno? Mtu wa kiwango changu hawezi kuwa na majivuno. Nimemwomba Bwanaheri anitajie dosari moja. Akauliza kama nina nafasi mpaka magharibi. Msaada sifuri kutoka kwa huyo.

Kwa hivyo hali ni wazi. Dosari sina. Na shujaa asiye na dosari haandikiki, hiyo ni nadharia, si mimi. Daktari amenipa swali lenye kasoro. Binadamu huteleza, nimemsamehe.

Namshukuru Mungu, asubuhi nikichovya andazi kwenye chai, mpango ukanijia. Nimebadilisha shujaa! Kurasa mbili zimeandikika kama maji, na nimezisukuma chini ya mlango wa Daktari kabla ya saa sita. Zinaitwa Dosari ya Wakio. Ni kuhusu msichana mwema, mwenye bidii, anayeangushwa na jambo moja tu: kila anachokisikia anakitafsiri.

Nimempigia mama. Nimemwambia wapige vitenge pasi.