Simu Saba kwa Mama Zao

Jumatatu, tarehe 2

Mwanangu ni mkurugenzi! Mkurugenzi wa chuo kikuu! Sawa, si wa chuo chote. Wa masomo ya juu: wote wanaosomea ule udaktari usio na sindano, pamoja na maprofesa wanaowasimamia, wako chini yake. Mimi niliyeishia darasa la saba nimezaa mtu wa kuwapa maprofesa amri.

Nimemwambia fundi cherehani, muuza maji, na mtu aliyekosea nambari. Jirani yangu wa ukuta mmoja, ambaye mwanawe ni Profesa hapo hapo chuoni na hajatupumzisha kwa hilo miaka kumi, aliuliza tu: si kaimu?

Kaimu! Jioni binti akakiri. Anashikilia tu. Kamati inakaa Ijumaa tarehe 13. Kuna wanafunzi tisa wamekwama mwaka wa sita, hawajawasilisha tasnifu, yaani vile vitabu vikubwa vya utafiti wao. Wasipowasilisha angalau wanne, kiti anapewa mwingine.

Hapewi mtu.

Jumatano, tarehe 4

Binti alikuja kula mchana na faili lake. Simu ikamtoa nje. Upepo ukafungua faili. Upepo nilikuwa mimi.

Majina tisa, na mbele ya kila jina, ndugu wa kupigiwa simu mwanafunzi akiugua. Miaka sita kwenye kitabu kimoja, huo si ugonjwa? Nilinakili nambari saba, nikasikia hatua zake. Aliporudi alinikuta nafuta meza. Akaniambia nipumzike, najichosha.

Alhamisi, tarehe 5

Msomi haogopi barua ya ofisi. Anamwogopa mama yake. Nimepiga zote saba!

Wa kwanza alishangaa: mwanawe alimaliza mwaka juzi, picha yake ya joho iko ukutani sebuleni. Joho la kukodi! Alikata simu bila kwaheri. Nilimhurumia kijana. Ana miaka arobaini na mbili.

Wa pili alikuwa mke, akasema niachie yeye. Wa tatu akanijibu kwa upole kwamba binti yake ameshaandika sura zote tano. Zimekaa kwa msimamizi tangu mwaka jana, zinasubiri kusomwa. Ofisi imemwandikia msimamizi barua nne. Hujibu kwamba anazipitia. Wa nne, wimbo uleule. Wa tano na wa sita pia. Wa saba hakupokea.

Wote wanne, msimamizi mmoja. Mwana wa jirani!

Mungu anisamehe, nilicheka peke yangu hadi chai ikapoa.

Ijumaa, tarehe 6

Kwa jirani huyu ugomvi haufai. Dawa yake ni sifa. Nilibisha hodi na mkate wa moto, nikaomba anionyeshe chumba anachosomea Profesa akija kumsalimia. Akavimba kama andazi, akafungua. Meza nzuri. Juu yake tasnifu nne zenye vumbi, moja imebeba feni.

Nikasema kwa huruma kwamba chuoni wanadai macho ya Profesa yamechoka, siku hizi hasomi. Uso ulimshuka. Alichukua simu palepale.

"Baba, njoo nyumbani. Uje na kalamu."

Jumapili, tarehe 8

Profesa ana mvi. Alinipa shikamoo, akakaa mezani. Tulimlinda kwa zamu kama maziwa jikoni. Alipotaka kutoka kununua gazeti, mama yake alimuuliza yuko ukurasa wa ngapi. Thelathini na moja. Akakaa.

Jirani akaninong'oneza kwamba hata utotoni alisoma kwa kuchungwa. Tulicheka hadi akatuomba tupunguze sauti. Kufikia jioni amesaini mbili ziwasilishwe. Mbili zilizobaki kesho. Mimi ndiye niliyestahili kukaa kwenye hiyo kamati!

Jumanne, tarehe 10

Maafa. Mwenye joho la kukodi ameandika malalamiko: nani ametoa nambari ya mama yake? Binti alijua mara moja. Alikuja, hakuketi. Amewaandikia wakubwa kwamba kosa ni lake, aliacha faili wazi. Hakunitaja. Kamati itaisoma barua hiyo Ijumaa.

Nilimwambia nimefanya kwa ajili yake.

"Najua, mama. Ndiyo maana sikutaji. Lakini nambari za watu ni amana. Ukipiga simu nyingine hata moja, najiuzulu mwenyewe."

Niliapa. Nikashika na mkono wake.

Ijumaa, tarehe 13

Saa tano, kimya. Saa sita, kimya. Jirani alikuja kukaa nami bila kusema lolote la mwanawe. Mara ya kwanza katika historia.

Saa tisa binti akapiga. Sita wamewasilisha! Wanne wa Profesa, mume wa yule mke, na mwenye joho, aliyeletwa ofisini na mama yake, akawasilisha tasnifu na kufuta malalamiko kwa mkupuo mmoja. Binti amepewa barua ya onyo. Halafu amepewa kiti. Si kaimu tena! Jirani alipiga vigelegele kabla yangu, nikamsamehe.

Binti akanikumbusha kiapo. Nami mtu wa kiapo. Tangu Jumanne sijapiga simu hata moja. Jirani ndiye anayepiga. Mimi namsomea nambari tu. Mama wote wamekubali kuja kwenye sherehe ya kumpongeza binti, pamoja na watoto wao. Mwenye joho anakuja na picha. Hata mama wa Mkuu wa Chuo amepatikana, hukutana na jirani kliniki ya macho, na nina neno dogo la kumweleza kuhusu mshahara wa wakurugenzi.

Binti atajua akishafika. Ni Jumapili hii tarehe 15, saa nane mchana, hapa kwangu, wote.