Mratibu Aliyepitia Dirishani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye hajafika kutoka Mugumu lakini kiti chake kimefika na kimefunikwa kitambaa, Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Shirika letu la Kivuli Chema, waheshimiwa wajumbe wa bodi kwa vyeo vyenu, kwa viti vyenu na kwa maji ya chupa mliyokwisha kunywa, viongozi wa dini, viongozi wa kata ya Mbalibali, ndugu yangu Athanas, Msimamizi wa Mabweni, wazee wetu wakazi wa makao haya, shikamooni (Wazee: "Marahaba!"), na kwa heshima isiyo na kipimo, mke wangu Robi, binti wa Nyangoto, aliyekaa mstari wa mbele na gauni la njano, mke wangu wa siku ishirini na tatu. (Vigelegele.) Niliyemsahau ajihesabu kuwa ametajwa, maana akili yangu siku hizi haikai kichwani, inakaa kwenye hilo gauni. (Kicheko. Robi anajifunika uso kwa kitenge.)

Kwa wasionifahamu, mimi ni Selestine Nyamhanga, Mratibu Mkuu wa Mpango Jumuishi, Shirikishi na Endelevu wa Kuzuia, Kubaini, Kupokea na Kushughulikia Ukatili Dhidi ya Watu Wazima Walio Katika Mazingira Hatarishi Ndani ya Shirika, cheo ambacho hakikuenea kwenye kadi ya harusi hadi ikabidi tutafute kadi ya kukunja. Elimu yangu ni ya kidato cha nne, ambayo Robi husema sikuisoma bali niliisindikiza. Lakini tangu bodi iliponikabidhi Mpango huu mwaka jana, nimehudhuria semina elekezi tatu, na katika semina hizo nimejifunza maneno ambayo leo, mkitaka msitake, mtayasikia yote. (Makofi machache.)

Waheshimiwa, Mpango huu umejengwa juu ya bango kitita, na bango kitita limejengwa juu ya hadidu za rejea, na hadidu za rejea zimejengwa juu ya meza yangu, kwa hiyo msingi upo. Katika kipindi cha utekelezaji, Kamati ya Ulinzi ya wajumbe kumi na wawili imekaa vikao kumi na vinne, mahudhurio yakiwa asilimia mia moja, jambo ambalo halijawahi kutokea katika kamati yoyote ya shirika hili, na mihutasari yote ipo, imepigwa chapa, ina sahihi. Wajumbe walijadili kwa ari kubwa. Kikao cha sita peke yake kilichukua saa nne kwa ajenda ya rangi ya sare. Na matokeo ya kazi hiyo, waheshimiwa, naomba mjishikilie vitini, ni haya: malalamiko ya ukatili yaliyopokelewa kwa mwaka mzima ni sifuri. (Makofi mazito kutoka meza kuu. Upande wa wazee, kimya.) Sifuri! Yapo mashirika makubwa yenye magari na antena ambayo hayajawahi kufikia sifuri.

(Mzee Joram, mkazi, bila kuinuka: "Mura, kijana wangu, na lile dirisha limepona?" Kicheko kirefu upande wa wazee.)

Asante, Mzee Joram, kwa mrejesho huo. Dirisha nitalifikia. Dirisha lipo ukurasa wa saba.

Kabla ya dirisha, niruhusuni nieleze utaratibu wa kupokea malalamiko, ambao niliubuni mimi mwenyewe na kuusifu mimi mwenyewe. Utaratibu unasema mlalamikaji ataonana na Mratibu ana kwa ana, katika ofisi ya Mratibu, mlango ukiwa umefungwa, pasipo mtu wa tatu, kwa sababu ya usiri, na lalamiko lisilotolewa hivyo halitahesabika kuwa limepokelewa. Ni utaratibu mzuri. Nilipousoma kwenye semina, mwezeshaji alifumba macho, nikadhani ni kwa hisia.

Sasa, waheshimiwa, katika makao haya anaishi Mama Waisiko, aliyeketi pale nyuma karibu na mlango wa jiko akinipa mgongo, nami nikimshukuru kwa mgongo huo. Jicho lake moja halioni na nyonga yake ilivunjika zamani, na ni kupitia kwake nilipata mke. Robi alikuja kumwona mwaka juzi, amebeba ndizi na sabuni, akaniuliza ofisini, "Samahani kaka, mama yangu mkubwa analala bweni gani?" Nikajibu, "La tatu," na hilo ndilo neno la mwisho la maana nililosema kwa miezi sita iliyofuata. Sauti yake! Ungemsikia anavyotaja bweni la tatu ungetaka kuhamia humo. (Vigelegele. Sauti ya mwanamke: "Mpe maji huyo!") Tangu siku hiyo kila nikiandika ripoti naona jina lake kati ya mistari, na zipo nakala mbili zilizokwenda kwa bodi zikiwa nalo kweli.

(Robi ananyanyua kidole kimoja.)

Naona kidole. Waheshimiwa, asubuhi ya leo mke wangu aliniambia kwamba nikianza kumsifu badala ya kusema la ukurasa wa saba, atanyanyua kidole, na kikifika cha tatu atakuja kusoma yeye. Basi naenda ukurasa wa saba.

Wiki moja kabla ya harusi, Mama Waisiko alikuja ofisini akiwa ameshika ukuta kwa mikono miwili, hana mkongojo, akasema, "Mwanangu, nina neno." Mimi nilikuwa napima suti. Nikamwambia, kwa lugha ya kitaalamu, kwamba suala lake limewekwa kwenye foleni na litachakatwa baada ya fungate. Na kwenye daftari la siku nikaandika: "Mkazi mmoja ameonekana akifanya mazoezi ya viungo ukutani." Takwimu hiyo ipo ukurasa wa nne, kwenye jedwali la afya. Mliipigia makofi mlipoisoma.

Nikaoa. Siku ya nne baada ya harusi, mlango ukagongwa, nikainua macho, ni Mama Waisiko. Lakini sasa hakuwa mkazi wa bweni la tatu. Mama mkubwa wa mke ni mama wa mke, na mama wa mke ni mkwe, na nilivyolelewa mimi, mkwe humpi mkono, humtazami usoni, na kukaa naye kwenye chumba cha mlango mmoja, mlango umefungwa, pasipo mtu wa tatu, ni jambo ambalo hata kulisema hapa masikio yananiungua. Na mlango ule mmoja yeye ndiye aliyekuwa amesimama ndani yake. Mratibu Mkuu akafanya tathmini ya haraka ya mazingira, akatoka kwa dirisha.

(Kicheko kikubwa. Mzee Joram: "Tulikuona! Suruali ya harusi ilibaki kwenye msumari!")

Ilibaki, mzee wangu, kipande cha nyuma. Akaja tena wiki iliyofuata, nikatoka tena. Akaja mara ya tatu, na hapo nilikuwa nimeshaweka tofali nje la kukanyagia, hiyo ndiyo sehemu pekee ya Mpango iliyofanyiwa maboresho. Na kila mara nilijisifu moyoni kwamba vijana wa siku hizi hawajui adabu kwa wakwe, lakini mimi najua. Kisha nikazunguka nyumba nikarudi ofisini na kuandika: malalamiko, hakuna. Ana kwa ana haikutimia.

Juzi Robi alikwenda kumwona. Aliporudi hakuvua viatu. Nikamwambia, "Mpenzi, karibu." Akasema, "Usiniite mpenzi kwanza. Mama anatambaa."

"Anatambaa vipi?"

"Kwa magoti. Kwenda chooni. Athanas alimnyang'anya mkongojo siku alipolalamikia uji wa baridi, akaufungia stoo. Na baada ya chakula cha mchana anamfungia mlango kwa nje mpaka jioni. Amekuja kwako mara nne, Selestine. Mara nne, kwa kushika ukuta."

Nikasema, "Ni mkwe wangu, Robi. Nilimkimbia kwa heshima."

Akaniangalia. Waheshimiwa, mimi nimeangaliwa na Robi siku ya harusi, nikadhani hakuna mwangalio mwingine duniani, kumbe upo. Akasema, "Mkwe anaheshimiwa kwa kujengewa nyumba, kwa kupelekewa mboga. Wewe umemheshimu kwa kumwacha atambae. Kama huwezi kumwona, si ungeniita mimi nikae katikati? Au mimi ni wa kupigwa picha tu?"

(Athanas anasimama.)

(Athanas: "Mheshimiwa Mwenyekiti, huyu anatumia ndoa yake kunichafua. Ule mkongojo niliuchukua kwa usalama. Yule mama ana hasira, angeweza kumpiga mtu!")

(Mzee Joram: "Angekupiga wewe! Na sisi tungemshikia shuka lake akikupiga!" Vigelegele vya wazee. Mwenyekiti anagonga meza.)

Ndugu Athanas, kaa. La, usikae. Una funguo kiunoni, ninaziona, na kwa mamlaka ya cheo changu ambacho hakienei kwenye kadi, nakuomba ufungue stoo sasa hivi, watu hawa wote wakikusubiri, kisha mbele ya bodi hii uniachie mezani ufunguo wa bweni la tatu. Mwenyekiti, kama nakosea nizuie. (Mwenyekiti anatazama kiti cha Mgeni Rasmi, kisha anaitikia kwa kichwa. Athanas anatoka. Wazee wanne wanamfuata polepole.)

Wakati tunangoja, mke wangu atasogea akae katikati, hapo, kati yangu na mlango wa jiko, na Mama Waisiko atasema neno lake, nami nitalipokea kupitia kwa mtu wa tatu, na utaratibu wangu naufuta. Naomba kalamu. Ukurasa wa kwanza, pale penye sifuri, naandika moja. (Makofi yanaanzia nyuma.)

Sasa nihitimishe kwa kaulimbiu yetu. Nikisema mtu mzima, mseme asikilizwe. Mtu mzima! ("Asikilizwe!") Mtu mzima! ("Asikilizwe!") Mratibu! (Mzee Joram: "Apigwe msumari!" Kicheko.) Imepita bila kupingwa.

Na sasa shukrani. Namshukuru fundi Emanuel wa Mugumu kwa lile sanduku la maoni mnaloliona ukutani, ambalo ni picha niliyoibandika, kwa kuwa hakuna aliyewahi kwenda kwa Emanuel kuagiza sanduku. Naishukuru semina ya wahudumu ambayo itafanyika siku itakapopangwa na watu watakaopatikana. Na naishukuru kwa dhati Kamati ya Ulinzi, wajumbe wote kumi na wawili, kwa vikao kumi na vinne, kwa sare ya zambarau, kwa keki, kwa muziki na kwa pambio mlilotuimbia pale Nyangoto, kwa sababu waheshimiwa, kamati nyingine haikuwahi kuwepo. Ilikuwa kamati ya harusi yangu. Niliibadilisha jina la juu tu. Mpango mnaouzindulia ripoti leo ni harusi, na harusi ilikuwa nzuri sana, na katika mwaka huo wote hakuna mtu hata mmoja wa makao haya aliyelindwa na chochote.

(Kutoka upande wa stoo, sauti ya mti ukigonga sakafu ya saruji: mara moja, tena, tena. Wazee wanne wanarudi na mkongojo, wanamkabidhi Mama Waisiko, naye anapita mbele ya jiko amesimama. Anamwinamia Robi, anasema kwa sauti ya chini. Robi anageuka.)

(Robi: "Mama anasema dirisha amekusamehe, mume wangu. Adabu yako ameiona. Lakini siku thelathini za kutambaa bado anazo, na anataka kuzisema zote, moja moja, na uziandike.")

Mwambieni naandika. Waheshimiwa, hotuba yangu imekwisha, nawashukuru kwa kunisikiliza. Naomba mtu mmoja aniongezee karatasi.