Koti Langu Halina Pa Kukaa

Jamleck Mburu,
Karani wa Mafaili,
Dawati la Dirishani.

Kwa Bi. Awuor, Meneja,
Ofisi ya Ushirika wa Wakulima, Nakuru.

Madam,

KUH: KUONDOLEWA KWA VITI VYENYE MAEGEMEO

Natumaini hujambo, na mgongo wako pia haujambo. Huu ni mwaka wangu wa kumi na mmoja nikitunza mafaili yako. Naandika kwa heshima, lakini kwa uchungu, kuhusu viti vyetu vilivyobebwa Jumatatu tukaletewa stuli zisizo na pa kuegemea, ati tukae wima tusiumwe na mgongo.

1. Koti langu la kijivu halina pa kutundikwa. Kila mtu hapo anajua kwamba koti likiwa kitini, mwenyewe yuko. Ametoka kidogo tu. Koti hilo halijakosa kazi hata siku moja kwa miaka kumi na mmoja. Sasa linateleza na kuanguka sakafuni, na wakulima wanaofuata mafaili yao wameanza kuuliza niko wapi. Hawajawahi kuuliza. Nimeumia sana.

2. Kengele ya kila nusu saa. Ikilia, wote husimama kujinyoosha. Alhamisi, Wangeci wa dawati la pili aliliokota koti akalikunja vizuri juu ya stuli, Mungu ambariki. Basi Quincy wa kompyuta, uliyempa kazi ya kuhesabu waliosimama, akaandika kwamba Mburu amekataa kusimama mara kumi na nne mfululizo. Madam, koti lisimame na nini?

3. Jemutai, yule mtaalamu wa migongo uliyemwita atufundishe, alisema adui yetu ni kukaa. Nilisimuliwa na Wangeci, kwa maana nilikuwa nimetoka kidogo. Sasa nauliza, nani katika ofisi hiyo amekaa muda mfupi kuliko mimi? Shingo ya Wangeci haigeuki. Quincy amepinda kama mundu. Mimi, hadi juzi, nilikuwa nimenyooka kama mlingoti. Nilitarajia cheti, nikaletewa stuli.

4. Kwa hivyo kinga ya kweli ni hii yangu. Rudisha viti, kila mfanyakazi apewe koti la ofisi, makoti yakae saa nane kwa siku nasi tupone. Wewe upewe mawili, kwa sababu ya cheo. Kengele ikilia, mlinzi wa langoni apite akiyakung'uta vumbi.

Ukikataa, itanibidi nije kazini mwenyewe. Na viazi vyangu bado viko ardhini, mvua nayo imekaribia; vikioza, watoto wangu watakula nini? Tafadhali tusifikishane huko.

Nisalimie mzee wa nyumbani, watoto, Wangeci na shingo yake, na wote walioketi. Quincy pia, ingawa hastahili.

Wako mtiifu, aliyetoka kidogo,
Jamleck Mburu

N.B. Usishangae mwandiko. Naandika nikiwa nimelala kifudifudi shambani Subukia. Nimeinama wiki nzima nikichimba viazi, na jana mgongo ukakwama, hauendi mbele wala nyuma. Mtume Jemutai upesi, aje na stuli moja, na koti langu pia, huku kuna baridi. Naomba na likizo ya ugonjwa. Kwenye fomu, pale pa chanzo cha maumivu, andika tu: kukaa ofisini kwa muda mrefu.