Sarafu Yenye Mkwaruzo Sikioni

Simu zilipoanza kupiga picha nzuri kuliko studio, mwenye studio alibaki na wateja wa aina mbili tu: waombaji pasipoti na wafiwa. Baadaye hata hao wakapotea. Chumba kikageuzwa duka la mitungi ya gesi, lakini jina lilimng'ang'ania, watu wakaendelea kumwita Studio. Alihamia kwenye kochi la dada yake pamoja na kamera, taa mbili, vitambaa vya rangi mbalimbali vya kutundika nyuma ya wateja, na ulimi ambao ungeweza kumuuzia mwenye upara kitana.

Asubuhi moja, dada akiwa shuleni anakofundisha, Studio alikuwa amejilaza akipitia mnada wa mtandaoni. Akaona sarafu kuukuu ya fedha imeuzwa kwa bei ya pikipiki. Akaketi. Akaisoma ile bei mara ya pili, akihesabu sifuri kwa kidole. Halafu akaenda chumbani, akafungua kopo la biskuti ambamo dada aliweka vitu vyake vya thamani, akaitoa sarafu ya marehemu bibi yao: nzito, pana, kichwa cha mfalme mwenye ndevu upande mmoja, meli upande wa pili, na mkwaruzo mdogo karibu na sikio la mfalme. Ilikuwa pacha wa ile ya mnadani.

Mtu mwingine hapo angewaza kuiba. Studio hakuwa mwizi, na jambo hilo alipenda kulisema hata pale ambapo hakuna aliyemuuliza. Aliitandikia sarafu kitambaa chekundu dirishani, akaipiga picha kumi na nne, akaikandamiza kwenye udongo laini pande zote mbili, akaifuta, akairudisha koponi. Kisha akaubeba ule udongo hadi kwenye kibanda cha shemeji yake.

Shemeji, mume wa dada, alikuwa fundi wa kuchonga funguo, mtu mpole aliyeogopa polisi na mke wake, polisi wakishika nafasi ya pili. Studio alimweleza mpango. Yeye, shemeji, angeyeyusha mabomba mabovu na kumimina kwenye kalibu ya ule udongo. Sarafu zikipoa wangezichemsha kwenye chai ya rangi na kuzifukiza moshi hadi zizeeke miaka mia kwa jioni moja. Picha mnadani ingekuwa ya sarafu ya bibi, picha ya kweli isiyo na hila yoyote. Uongo ungekuwa ndani ya bahasha.

"Hii ni kesi, shemeji," fundi alisema.

"Kesi ni kuuza bandia ukisema ni halisi. Mimi nitasema sijui."

Na kweli, tangazo lake lilikuwa kazi ya msanii. Aliandika kwamba ameikuta kwenye sanduku la bibi, kwamba yeye mambo ya sarafu hayajui kabisa, kwamba jirani amemwambia labda ni ya zamani, na anaomba wenye ujuzi wamsaidie bei. Akakosea tahajia mara tatu kwa makusudi. Jina la akaunti: Mjukuu Mpole.

Wenye ujuzi walikuja mbio. Daktari mmoja wa meno alimwandikia faraghani kwamba, kwa masikitiko, kitu kile hakina thamani, ila angekichukua ili amsaidie kijana. Mkuu wa shule fulani alimweleza kuwa ni bati tu, lakini wajukuu zake wanapenda kuchezea bati. Mhasibu mmoja alisema maneno hayohayo, akaongeza dua. Kila mmoja alilipa bei ambayo aliamini ni wizi, nao wote waliamini kwamba wezi ni wao.

Hapo ndipo uzuri wa mpango ulipokuwa. Bahasha ilipofika na mtu akagundua kwamba amenunua bomba la maji, hakuwa na pa kulalamikia. Mnada ulitaka mlalamikaji aambatanishe mazungumzo yake na muuzaji, na hakuna daktari wa meno aliyekuwa tayari kuonyesha kwamba aliambiwa "sijui" na mtu mnyenyekevu, naye akamjibu "haina thamani." Studio aliuza tisa. Kila mara alibadilisha kitambaa na jina: Mjukuu Mpole akawa Yatima, Yatima akawa Mjane. Shemeji alianza kulala usingizi wa kawaida.

Ya kumi ilipowekwa mnadani, akajitokeza mama mmoja, sonara mstaafu. Huyu hakuandika faraghani. Aliuliza hadharani, chini ya tangazo, mbele ya wanunuzi wote, kama sarafu ni ya fedha halisi, ina gramu ngapi, na kama muuzaji anaweza kupiga picha ya ukingo, kwa sababu sarafu ya kumimina huacha mshono kwenye meno ya ukingo. Halafu akataja bei ya pikipiki nzima.

Studio aliikodolea macho ile bei. Angeweza kujibu "sijui" kama kawaida yake. Lakini sarafu ya bibi ilikuwa hapo koponi, na mizani ya jikoni ilikuwa hapo mezani, na ukweli ulikuwa upande wake kwa mara ya kwanza tangu aanze biashara. Aliipima, akaipiga picha ukingoni, akaandika kwa majivuno: fedha halisi, gramu ishirini na nane, nathibitisha mimi muuzaji.

Mama akaomba wakutane ana kwa ana, ukumbi wa posta, penye madirisha makubwa.

Studio alikwenda na ya bibi mfuko wa kulia, na ya bomba ndani ya kikasha mfuko wa kushoto. Mama alikuwa mzee mnene mwenye miwani ya kamba. Alitandaza leso juu ya meza ya kubandikia stempu, akatoa mizani ndogo, kioo cha kukuzia na sumaku. Aliipima sarafu. Akaipitisha kwenye sumaku. Akaugeuza ukingo polepole chini ya kioo, jino baada ya jino, huku Studio akimsimulia habari za bibi, ambaye kwa maelezo yake alikufa akiwa ameishika. Mwishowe mama akaifuta kwa leso, akamrudishia.

"Haina tatizo, mwanangu. Nifungie vizuri."

Studio akaingiza mkono mfukoni, akaiacha ile aliyorudishiwa, akatoa kikasha. Kwa mtu aliyewahi kubadilisha filamu gizani, ilikuwa kazi nyepesi. Mama hakukifungua. Alilipa kwa simu papo hapo, pesa zikaenda mnadani kusubiri siku tatu kama kanuni zilivyotaka, wakaagana kwa heshima zote.

Siku ya pili malalamiko yakaingia, yamepangwa kama faili la mahakama: picha ya muuzaji na picha ya kilichopokelewa, mshono ukingoni, gramu ishirini na moja badala ya ishirini na nane, na ile sentensi ya "nathibitisha mimi muuzaji." Mnada ukamrudishia mama pesa yote na kuifunga akaunti. Studio hakusikitika sana. Alijiambia kwamba amepoteza jina tu, na majina anayo mengi.

Kisha kifurushi kikarudi. Ndani mlikuwa na kikasha, sarafu ya bomba, na barua fupi.

"Mwanangu, na hiyo niliyokurudishia posta ni ya kalibu yako pia. Niliinunua kwako mwezi uliopita kwa akaunti ya mpwa wangu. Nilikuandikia kuwa haina thamani, kumbe nilikuwa nasema kweli bila kujua. Miaka arobaini ya usonara, na tamaa ilinifumba macho. Ule mkwaruzo sikioni ndio ulionionyesha kwamba sarafu ya pichani ni moja tu, tena ya kweli: kila tangazo unao."

Studio aliisoma akiwa amesimama. Ile ya posta alikuwa amekwisha kuitia koponi bila kuitazama mara mbili.

 Jumamosi dada alilitoa kopo. Alikuwa na mazoea ya kuizungusha sarafu ya bibi mezani na kuisikiliza ikilia, kwa sababu bibi alimbembeleza kwa mlio ule alipokuwa mdogo. Akaizungusha. Ikaanguka kwa sauti ya kizibo cha chupa.

Dada hakupiga kelele. Alimtazama mumewe, ambaye papo hapo alikiri kila kitu, hadi idadi ya mabomba. Halafu akamgeukia mdogo wake.

"Sitaki kusikia umeifanyaje," akasema. "Nataka kuisikia ikilia hapa mezani."

Studio alimtafuta sonara, akamwomba, akamtaja bibi, safari hii kwa machozi halisi. Mama akajibu kwamba sarafu iko mnadani, kila mtu anakaribishwa.

Na kweli ilikuwepo, juu ya karatasi nyeupe: pande zote mbili, ukingo mzima, uzito juu ya mizani, mkwaruzo umeonyeshwa kwa mshale. Daktari wa meno alikuwepo. Mkuu wa shule alikuwepo, na mhasibu, wote sasa wakiuliza habari za mshono kama wanafunzi wazuri na kupandisha bei bila huruma. Ilipita pikipiki moja, ikaanza ya pili. Studio alipandisha nao. Mauzo yote tisa yaliingia humo, zikafuata taa, ikafuata kamera, na saa kumi na moja jioni akashinda.

Kesho yake walikutana palepale posta. Aliipima mara tatu. Akaomba sumaku. Akaazima kioo, akaukagua ukingo wote jino kwa jino huku foleni ya stempu ikinung'unika nyuma yake. Mama alimsubiri, mikono yote miwili juu ya meza, mahali pa kuonekana.

Jioni hiyo sarafu ililia mezani kwa dada, mlio mrefu na safi. Studio akarudi kwenye kochi. Mnada ulikuwa umemtumia ujumbe ukimwomba atoe maoni kuhusu muuzaji. Alifikiri kwa muda mrefu, kidole juu ya kioo cha simu, akitafuta la kumharibia. Mwisho akaandika, bila kosa hata moja la tahajia: "Mali ni kama inavyoonekana kwenye picha," akampa nyota tano.