Chupa Tatu na Pua Yangu

Jumatatu, 3 Machi
Panya wametafuna lebo za chupa tatu maabarani. Mkuu wa shule ametamka: kati yangu na shemeji, atakayetambua kilichomo ndiye msimamizi mpya wa maabara. Shemeji ni mdogo wa mke wangu. Kazi nilimtafutia mimi! Leo ananivimbia.
Yeye anategemea vipimo. Mimi nina pua. Chupa ya kwanza ilinitoa machozi, ya pili kamasi. Ya tatu sijui, pua ilikuwa imeshagoma.

Jumanne, 4 Machi
Shemeji katia bikaboneti kwenye sampuli ya kwanza. Povu likafoka. Akaandika: asidi.
Nikapata wazo. Alipokwenda kunywa chai, nilidondosha siki katika kila mrija wa majaribio kwenye kichanja. Kesho kila kitu kitamtokea asidi. Nimerudi nyumbani nikipiga mluzi.

Jumatano, 5 Machi
Kumbe husuuza mirija kabla ya kuitumia. Nani anasuuza mrija unaoonekana safi?
Mimi sikusuuza. Nikaripoti kwa Mkuu, kifua mbele, kwamba chupa zote tatu ni asidi. Akaniuliza kama nalala vizuri. Nalala vizuri sana.

Alhamisi, 6 Machi
Sampuli ya pili shemeji kaichanganya na nitrati ya fedha yenye amonia, akausimamisha mrija kwenye maji ya moto, akangoja. Ndani pakawa kioo. Aldehidi, akasema. Mkuu akajitazama humo, akanyoosha tai.
Kungoja si kazi yangu. Wangu niliupeleka motoni moja kwa moja. Ukawa mweusi tii, kisha ukapasuka. Nilisema mrija ulikuwa mbovu. Bado nasema.
Sampuli ya tatu ya shemeji ikaifuta rangi ya kahawia ya maji ya bromini, yakabaki maangavu kama ya kunywa. Ni alkeni, eti, akasema! Rangi haipotei hivihivi. Nilitaka shemeji apekuliwe mifuko. Mkuu akakataa.

Ijumaa, 7 Machi
Funguo za maabara kapewa shemeji. Mama mkwe kaja kumpongeza, nyumbani kwangu, kakaa kwenye kiti changu. Mke wangu kaniomba nipige makofi. Nimepiga, polepole.
Baadaye shemeji akanivuta kando. "Njoo Jumatatu mapema, shemeji, nikufundishe vipimo vyote taratibu. Hakuna atakayejua."
Hakuwa na kejeli hata chembe. Hilo ndilo lililonichoma. Nikamkubalia, nikamshika mkono kabisa.
Anadhani nakwenda kujifunza. Nakwenda kuona anakotundika funguo.